Maneno ya Mzee Raimundi

Ifakara,
19 Novemba 1998

Dada Digna mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo dada. Mdogo wako sijambo kwa mwili. Roho ndiyo haijatulia, na sababu utaikuta huko mbele. Shemeji Theodori hajambo? Goti lake limepona, au bado anaendesha baiskeli kwa mguu mmoja? Na shamba mmeshalisafisha, au mnangoja mvua ziwakute?

Barua yako aliniletea Safina, yule muuza mchele, nikaisoma palepale sokoni nimesimama. Umeuliza jambo moja tu: ofisi yetu ya kuhesabu watu wa vijijini ni ya watu gani, wanaomtuma Beno kila baada ya miezi mitatu aje na daftari lake amwulizie Sikitu, kama yupo, kama ameugua, kama analala ndani ya chandarua, wakati mwanao huyo tulimzika Februari? Unasema mara ya kwanza ulimjibu vizuri, mara ya pili ulilia, na mara hii umemfukuza kwa mwiko wa ugali. Ulikuwa na haki, ila umempiga asiyehusika.

Basi nikueleze watu wenyewe, ingawa kuwaandika tu kunanichefua. Kuna Mzee Raimundi, ambaye ndiye anayeiandikia kompyuta maagizo yake. Kazi hiyo alijifunza Dar es Salaam zamani, enzi za kadi za matundu, na misemo ya mafundi wa enzi zile hajaiacha. Sisi wachapaji sita, tunaoziingiza fomu kwenye kompyuta, tumeidaka yote. Fomu iliyokosewa ni takataka. Wanaojaza fomu vijijini, akina Beno wanaovuka maji na baiskeli begani ili sisi tupate mshahara, ni vidole vya matope. Mtoto ambaye mama yake haonekani kwenye kompyuta ni yatima, hata kama mama mwenyewe yuko uani anapeta mchele. Na aliyeandikwa amekufa, kisha fomu nyingine ikasema yupo, huyo ni mzimu. Mtu anaita kutoka kwenye meza yake, leo nina mizimu minne, chumba kizima kinacheka na chai inanyweka. Ptuu! Watu wazima ovyo. Na mimi niliona ndio usomi. Pasaka nilikuja kuwatambia maneno hayo hapo kwenu, unakumbuka? Mama akasonya.

Dawa halali ya mzimu ni fomu irudi kijijini, watu waulizwe upya. Hiyo ni kazi ya wiki mbili. Mzee Raimundi ana dawa yake ya mkato, na neno lake ni fufua. Unafuta kifo, unaacha uhai, kompyuta inanyamaza. Husema kompyuta haina matanga, akajichekea mwenyewe.

Sasa kwa Sikitu ilikuwa hivi. Balozi wenu alikiandika kifo vizuri kabisa. Lakini mlipokwenda Mahenge kumalizia matanga, Beno alipita akakuta mmefunga, akamwuliza yule bibi aliyekuwa ndio kwanza amehamia jirani. Bibi wa watu, hajui hili wala lile, akajibu kwamba wapo wote, wamesafiri tu. Beno akaandika hivyohivyo. Fomu mbili zikagongana.

Dada, mficha uchi hazai. Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa tatu, wageni wa mradi wanafika Jumatatu, na orodha ya mizimu ilitakiwa iishe siku hiyo. Kwenye kioo cha kompyuta yangu ikaja nyumba yenu ya hapo kijijini Mbingu. Sikitu Theodori, miaka mitatu. Ikaja kwangu, mimi niliyebeba sanduku lake kutoka kanisani, jepesi mpaka nikaona aibu kulibeba. Mzee Raimundi alikuwa nyuma yangu na kikombe chake. Akauliza kama huyo naye ni mzimu. Nikajibu ndiyo, ni mzimu. Akasema fufua. Nikafufua. Wakacheka, na mimi nikacheka, dada yangu. Niliogopa wakijua ni mtoto wa dada yangu wataniona mshamba ninayelilia kompyuta. Nilijua jina likirudi kwenye orodha ya walio hai, Beno atatumwa kumwulizia. Kazi yangu ni hiyo, nitakosaje kujua?

Tangu nisome barua yako najitia kinyaa. Jana nilisimama nikawaambia wote yule mzimu ni nani. Hakucheka mtu. Mzee Raimundi akasema taratibu kwamba hata yeye hawezi kukirudisha kifo kwa daftari la Beno peke yake, bila fomu mpya yenye saini ya mama wa mtoto.

Beno sitakubali atumwe tena. Jumamosi nitapanda treni, nitaileta fomu mwenyewe. Sitakuuliza swali hata moja, maana majibu yote nayajua na nimeshayajaza. Nahitaji saini yako tu, ili asije mtu tena hapo mlangoni kumwulizia.

Nisalimie shemeji, mwulize nije na dawa ya goti au nisije? Mama mpe shikamoo yangu, ila barua hii usimsomee. Nitamwambia kwa mdomo wangu. Na ule mwiko, dada, uuweke karibu. Safari hii anayekuja ndiye mhusika.

Ni mimi mdogo wako,
Melkiori