Redio Chini ya Kitanda cha Shangazi

We! Shangazi amekutwa tajiri! Shangazi yangu huyuhuyu anayeziba paa kwa nailoni!

Leo wakaguzi wa msaada wa chakula wamepita. Majirani wakakimbiza TV na redio zao chini ya kitanda chake. "Kwako hawatapekua, bibie. Umaskini wako unaonekana toka barabarani."

Mkaguzi mmoja akaingia kwake, akaketi kitandani, kikabonyea, redio ikajiwasha. Mpira ukatangazwa chini ya makalio yake. Mpira!

Akafunua shuka. "Mama, TV nne?"

"Za majirani, mwanangu."

"Majirani wote wameapa hawana hata redio."

Wao wamepewa unga. Yeye kakatwa kwenye orodha!

Sasa wanagonga, wanataka vitu vyao. Shangazi kajifungia, anaangalia tamthilia. "Vyenu tangu lini? Mkaguzi kaandika ni vyangu. Leteni nusu ya unga, ndipo tuzungumze."