Mbuzi Aliyechinjwa kwa Jina Lako

Kilema, Moshi

Gaudence mume wangu,

Marahaba. Naitikia shikamoo ambayo hujaniamkia, maana nikisubiri uilete mwenyewe nitaitikia nikiwa udongoni. Krismasi ya mwaka juzi hukuja. Hii iliyopita hukuja. Vijana wote walipanda mlima, hata yule wa Mzee Pantaleo asiye na kazi wala viatu vya maana alikuja, akala ndizi za mama yake, akarudi zake. Wewe mwenye feni ndani ya nyumba ulimpa kondakta wa basi mfuko wa sukari alete. Nikakaa na sukari mapajani kama mjane. Sukari ndiyo niliyoibeba mgongoni ikinikojolea, mama yako akiwa anachuma kahawa?

Haya. Nimekugombeza, mengine yatafuata. U mzima? Mke wako mzima? Mtoto ameshaota meno? Mimi nipo, magoti yananiuma lakini mkungu wangu bado naukata mwenyewe. Mama yako ni mzima. Ng'ombe amezaa dume, kwa hiyo hatukushangilia sana. Mvua za vuli zilipita juu juu tu, migomba ya kule chini imeinama kama watu wa msibani.

Anayeniandikia ni sista wa zahanati. Usiogope, mambo yakiingia sikioni mwake hayatokei mdomoni. Amenishauri nipunguze ukali. Nimemwambia aandike tu, mjukuu ni wangu.

Nataka nikueleze habari za baba yako, kwa sababu najua watu wa basi wamekuletea nusu. Wewe ulikuwa shuleni, halafu ukaenda Dar, hukuyaona.

Wale wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda huku na magari yao, chama cha msingi cha ushirika alikokuwa baba yako karani wa hesabu kikaanza kukonda. Siku moja wakaitwa makarani wote, wakaambiwa asiye na cheti cha bodi ya wahasibu aende nyumbani, na atakayekipata ataitwa kwanza nafasi ikitokea. Baba yako alikuwa ameshika hesabu za pale tangu wewe hujaachishwa ziwa. Akarudi, akatundika koti lake, akasema atasoma. Nikacheka. Mtu mwenye mvi kidevuni anataka kusoma! Hakucheka na mimi, nikajua ni kweli.

Huko Moshi mjini kulikuwa na mwalimu anayefundisha watu wa mitihani hiyo kila Jumamosi, kwa malipo. Nikamwambia auze ng'ombe mmoja aende kama wenzake. Akanijibu kwamba ng'ombe huyo ni wa chuo chako, na ng'ombe mmoja hawezi kuingia shule mbili. Basi wewe ukaenda chuo, yeye akajifundisha.

Vitabu alipewa na mhasibu mmoja mstaafu wa Marangu, vya zamani, vinanuka panya. Akawa akishakata majani ya ng'ombe anakaa migombani anasoma kwa sauti, anasema masikio yake ndiyo wanafunzi wenzake. Mvua ikinyesha anahamia zizini. Nilimkuta siku moja anamsomea ng'ombe, nikamwuliza kama ng'ombe ameelewa. Akasema ameelewa vizuri, tatizo ni mwandiko.

Unaona hapo tulikuwa bado tunacheka.

Lakini mtu akisoma peke yake, Gaudence, akikwama amekwama. Hana wa kumwuliza. Angeweza kukaa kwenye ukurasa mmoja wiki nzima, anazunguka mibuni kama mbwa anayetafuta pa kulala. Hali chakula vizuri, ukimsemesha anakujibu mambo mengine. Halafu siku moja namsikia zizini anaimba wimbo wa kanisani, namwambia mama yako, haya, ukurasa umefunguka, mpelekee chai. Ndivyo tulivyoishi. Alianguka, akarudia, akaanguka, akarudia, masomo yakawa yanapungua moja moja mpaka likabaki moja tu, la kodi.

Mwaka jana mwezi wa tano akaenda kulifanya hilo la mwisho. Alirudi na mkate na nyama, mtu ambaye hajui bei ya mkate. Akasema, "Mama, hakuna swali nililoliacha." Alikula akalala kama mtoto.

Na wewe, mume wangu, wiki ile ile ulikuwa Dar unafanya mitihani hiyo hiyo, hukumwambia mtu. Hilo nitalirudia.

Ikaja kahawa. Tulikuwa shambani sote tunachuma, Filbert dereva wa lori akasimama barabarani. Filbert ni mtu wa kuja, ameoa hapa jirani, naye hamjui baba yako kwa jina jingine ila Baba Gaude, kama wanavyomwita watu wote. Katoka Dar siku hiyo. Akapaza sauti toka kule juu: "Baba Gaude, hongera! Nimeona jina lako kwenye tangazo la wahasibu!"

Mama yako aliachia kikapu, buni zikaporomoka mpaka mfereji wa maji, akapiga vigelegele. Wanawake wa kihamba cha pili, shamba la jirani, wakapokea bila hata kujua ni vya nini. Baba yako alisimama ameshika tawi la mbuni. Hakuuliza jina gani. Angeuliza ya nini? Katika nyumba hii mtahiniwa alikuwa mmoja. Tulidhani hivyo.

Jumapili yake akachinja mbuzi, yule beberu mweusi. Mimi nilipika mbege, nikachagua ndizi mwenyewe na ulezi nikauotesha mwenyewe. Baba yako akagawa nyama kwa desturi yetu, kila mtu na fungu lake kwa jinsi anavyohusika: langu mimi mama mzazi, la kaka yake mkubwa, la shemeji zake, la wazee wa jirani. Alikuwa amevaa lile shati jeupe la harusi ya dada yako. Nikamtazama nikasema moyoni, Mungu, huyu ndiye niliyemzaa.

Watu wameshakaa, kata ya pombe imeanza kuzunguka, katekista akaingia. Alikuwa amepitia kwenye sanduku la posta la parokia, akaona bahasha ya baba yako kutoka bodi, akaona ailete mbio ili furaha iwe kamili. Aliitoa kwa mikono miwili huku anacheka. Watu wakapiga makofi.

Baba yako akafungua, akasoma, akaikunja kama ilivyokuwa. Mimi nilikuwa nyuma yake, uso sikuuona, niliona shingo tu. Akamgeukia Filbert akamwuliza kwa sauti ndogo jina aliloliona lilikuwa lipi. Filbert akamjibu, kwani yeye si ndiye Gaudence wa ukoo huu? Kumbe alidhani Gaude ni jina la baba yako mwenyewe. Ndipo nikawaona wazee wanatazama chini, mmoja baada ya mwingine, wanaelewa.

Baba yako angeweza kunyamaza. Nyama ilikuwa imeshagawiwa, nani angejua siku ile? Akasimama.

"Jina mlilolisikia ni la mwanangu. Gaudence amefaulu, mimi nimeanguka. Mbuzi ni wake na pombe ni yake. Kuleni."

Akakaa. Hakuna aliyenyanyua kata. Nikaona mwanangu ataaibika mara ya pili, nikaichukua mimi, nikanywa kwa sauti kama mlevi, nikasema hongera kwa mjukuu wangu. Ndipo wakaanza. Walikula, wakakuombea, wakakutaja majina mazuri. Mbuzi wako aliliwa na kitongoji kizima isipokuwa wewe na baba yako.

Kwa nini alianguka, tulijua baadaye. Alikuja Sekunda, msichana wa Marangu aliyefanya naye mtihani, kumpa pole. Akamwuliza alijibuje, baba yako akamweleza, msichana akaanza kulia. Kumbe sheria ya kodi ilikuwa imebadilishwa. Wale wa darasa la Jumamosi waliambiwa mapema. Baba yako redioni alisikia kuna mabadiliko, lakini alidhani mtihani unafuata kitabu, na kitabu chake kilikuwa cha sheria iliyokufa. Alijibu maswali yote, akayajibu vizuri, kwa sheria iliyokufa. Alimsikiliza Sekunda amesimama na mzigo wa majani kichwani, hakuutua. Akamshukuru, akaenda kumpa ng'ombe.

Toka siku ile haimbi. Vitabu amevifunga kwenye gunia la kahawa, amevipandisha darini juu ya jiko, vinakula moshi. Uweka hazina wa chama cha kuzikana ameuacha. Wanawake walikuja hapa wakamwomba, wengine walipiga magoti, wakamwambia hakuna siku hela ya sanda ilipotea mkononi mwake. Akasema aliyeshindwa hesabu asishike fedha za maiti. Wamempa mwingine, na huyo mwingine tunamtazama tu. Chama cha ushirika nacho kimeshachukua kijana wa mjini mwenye cheti. Kwa hiyo hata baba yako akikipata kesho, ile kazi imekwenda. Sikuandikii kwa ajili ya kazi.

Nakuandikia kwa neno alilolisema juzi. Tulikuwa tunamenya ndizi, mimi na yeye. Nikamwuliza waziwazi kama ana kinyongo na wewe. Akamenya ndizi moja mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mama, nilifurahi, Mungu anajua. Lakini kijana alikuwa na sheria mpya mkononi, na mimi nilikuwa zizini naisoma ya zamani. Neno moja tu kwenye barua lingetosha."

Baadaye kidogo akaongeza kwamba hukujua kama yeye hajui. Alikutetea mwenyewe dhidi yake mwenyewe. Kisha akainuka akaacha ndizi, na nilimwona akipangusa macho kwa mkono wa shati wenye utomvu wa ndizi. Utomvu ule hautoki, mume wangu. Shati lina doa mpaka leo.

Sasa nakuambia ninachokijua. Ulimficha baba yako mtihani wako, hata Krismasi ile ya mwaka juzi ukajifungia huko kuusomea, ili usionekane unashindana naye. Halafu ukafaulu, ukaogopa kusimama mbele yake na kitu alichokikosa, ukaona afadhali ukae mbali mpaka yeye naye apite, mje kufurahi pamoja. Nimekosea? Sista ananiangalia, anaona sijakosea. Ile ilikuwa heshima, na mimi ndiye niliyekufundisha heshima. Lakini heshima ikikaa mbali sana, Gaudence, mtu anayeitazama toka huku mlimani anaona ni dharau. Baba yako hajaiita dharau. Mimi ndiye naogopa siku atakayoiita, maana nitakuwa sipo wa kumkatalia.

Usijibu kwa sukari. Usimtume mtu.

Msalimie mke mwenzangu, mama wa mtoto, mwambie sina wivu naye ila amlete mwanawe nimbebe kabla mgongo haujakataa kabisa. Msalimie shangazi yako wa Ilala, mwambie kaka yake hasemi lakini anamwulizia. Mama yako anakusalimu, anasema kitanda chako hajakigawa. Dada yako wa Kwa Sadala anakusalimu, naye ana hasira na wewe, atakuambia mwenyewe.

Ukija, uje siku ya kazi, sikukuu ina watu wengi mno. Kitabu cha sheria mpya ya kodi kifunge ndani ya nguo za mtoto. Lala. Asubuhi vaa nguo mbovu, umfuate baba yako kwenye majani, ukate naye, na umwache yeye ndiye aanze kuongea. Usimpe pole. Usimwambie umekuja kumfundisha, maana mtoto hamfundishi baba yake ndani ya kihamba cha baba yake. Mwambie kuna mahali darasani mlipita haraka, hukuelewa, unaomba akusomee. Atajua unadanganya, si mjinga. Mwache ajue. Uongo huo nimekuruhusu mimi, na dhambi yake nitaibeba mimi. Yeye akae juu ya gogo, wewe kaa chini kwenye majani, umpe kitabu kwa mikono miwili, na usiinuke mpaka atakapomaliza kukusomea.

Mimi mkeo wa kwanza,
Bibi Anastasia