Siku Niliyopima Mtandao Mara Sita

Jumamosi, Chumbageni. Mawingu yametanda tangu alfajiri na mvua haitaki kunyesha. Joto la mvuke, shati limeganda mgongoni, na mimi nimeamka na hasira kabla hata sijanywa chai.

Wiki ya tatu hii mtandao wa nyumbani unatambaa. Tunalipia spidi ya mega hamsini. Nikipima napata saba. Juzi nilipata sita na nusu, nikapima tena kwa ubishi, nikapata sita.

Ingekuwa ni mimi na mpira wangu wa wikendi, ningevumilia. Lakini mke wangu Zuhura anafundisha wageni Kiswahili kwa video, chumba cha nyuma, wanafunzi wako nchi za mbali huko. Kuna shule moja ya lugha inataka kumpa madarasa ya kudumu. Wiki iliyopita walimwomba afundishe somo la majaribio, wao wakimtazama. Dakika ya nne picha yake ikaganda, mdomo wazi, na sauti ikakatika. Walimwandikia kwa adabu kwamba watampa nafasi nyingine leo, saa kumi alasiri.

Nafasi moja tu.

Kampuni ya mtandao nimeipigia mpaka nimeizoea ile miziki yao ya kusubirisha watu. Kila nikipokewa, dada wa huduma kwa wateja ananiambia, "Huku kwetu inasoma vizuri, kaka." Alhamisi nilimjibu vibaya. Nilimwambia wao ni wezi waliovaa tai. Akasema tu kwamba fundi atakuja Jumamosi asubuhi.

Nikajiandaa. Nilihifadhi picha za vipimo vyote kwenye simu, siku kwa siku. Maneno ya kumwambia huyo fundi niliyapanga nikiwa naoga. Nilitegemea atakuja kijana ambaye ningemkaripia vizuri.

Saa tano bajaji ikasimama getini, akashuka mama wa makamo ya mama yangu mdogo, kilemba kichwani, begi la vifaa begani. Akajitambulisha: Mama Mhina, fundi.

"Shikamoo," nikajikuta nimesema.

"Marahaba, mwanangu. Ruta iko wapi?"

Hotuba yangu yote ikaishia pale mlangoni.

Nilimwonyesha zile picha. Alizitazama moja baada ya nyingine, hakuruka hata moja. Kisha akauliza, "Ulipopima, waya wa kompyuta ulikuwa umeuchomeka wapi? Kwenye ruta yetu, au kwenye hiki kisanduku chako?"

Inabidi nikieleze hicho kisanduku. Ni fayawoli, kifaa cha ulinzi kinachokaa kati ya ruta ya kampuni na kompyuta zetu, kinakagua kila kinachoingia na kutoka. Ofisini kwetu virusi viliwahi kufuta kumbukumbu za mizigo za mwezi mzima, nikaapa kwangu havitapita. Nilikinunua kwa mtu, kimetumika. Nilikaa nacho siku mbili nikiwasha kila aina ya ukaguzi niliyoiona humo. Nilijivuna nacho. Wageni wakija, nawaonyesha.

"Hicho hakina tatizo," nilimwambia. "Hicho kinalinda tu."

"Sawa. Tupime na tuone."

Akachomoa waya wa kompyuta kwenye kisanduku, akauchomeka moja kwa moja kwenye ruta. Tukapima.

Arobaini na tisa.

Akaurudisha kwenye kisanduku. Saba.

Nikasema labda ni bahati. Tukarudia: arobaini na nane, halafu saba. Nikasema basi ni waya. Mama Mhina hakubishana. Alitoa waya mpya kwenye begi lake, tukapima kote kuwili tena. Namba zilikuwa zilezile. Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, anatazama kioo cha kompyuta. 

"Hiki ni kidogo, na umekipa kazi kubwa," Mama Mhina alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. "Kinafungua kila mzigo, kinapekua, kinafunga, ndipo kinaruhusu upite. Mtandao unafika mpaka hapa mzima. Unachoka ukishaingia mikononi mwako."

Kisha akatoa fomu. Kwenye mstari wa tatizo aliandika: kifaa cha mteja. Akanipa kalamu.

Nilitia sahihi.

Chai alikataa, alikuwa na nyumba nyingine ya kuhudumia Nguvumali. Alipoondoka nilikichomoa kisanduku, nikafuta vumbi pale kilipokuwa, nikakiweka juu ya kabati.

Na sasa niseme ukweli, maana hapa hakuna wa kumdanganya. Mtandao ulianza kutambaa wiki ileile niliyokifunga kisanduku. Nilijua. Wiki hiyo hiyo mafundi wa kampuni walikuwa wakishughulikia nguzo ya mtaani kwetu, nami nikaishika hiyo nguzo kwa mikono miwili kwa sababu ilinifaa.

Saa kumi Zuhura alijifungia chumba cha nyuma. Nilikaa kwenye kiti ukumbini, sikugusa simu wala televisheni. Nilimsikia akicheka, nikamsikia akimrekebisha mtu matamshi ya "ng'ombe", mara moja, mara mbili, bila kukatika. Dakika arobaini. Alipotoka uso ulikuwa unang'aa. Wamemchukua. Akampigia mama yake Tongoni, wakashangilia kwa muda mrefu.

Mimi nikangoja zamu yangu. Nilijua nitasemwa, na nilistahili.

Hakunisema. Alikwenda jikoni. Nilishindwa kuvumilia, nikamfuata. Alikuwa ameketi kwenye mbuzi, anakuna nazi.

"Mbona hunisemi?"

"Nikuseme nini?"

"Uliniambia."

Aliniambia kweli, wiki ya kwanza kabisa. Alisimama palepale mlangoni aliposimama leo, akaniomba nikichomoe kile kisanduku siku moja tu, tujaribu. Mimi, bila hata kugeuza shingo, nikamjibu: wewe fundisha lugha, haya niachie mimi.

Zuhura aliendelea kukuna. Nazi ilishuka nyeupe kwenye sinia.

"Nilikuachia," alisema.

Nikarudi ukumbini kuandika haya. Jumatatu nitampigia yule dada wa huduma kwa wateja, nitasubiri kwenye ile miziki hata saa nzima, nimtake radhi. Hilo ni jepesi, hanijui sura.

Nafunga kompyuta. Naenda jikoni kumwomba radhi mke wangu, na si kwa sababu ya mtandao.