Dua Niliyoizuia kwa Ajili ya Tela

Kwa jina la Allah, ambaye nchi kavu na maji yote ni milki yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na watu wa nyumba yake. Ninaandika Kasulu, mwili ukiwa mzima, moyo haujatulia.

Jumatano, 9 Julai

Darasa la alfajiri limekwisha. Wanafunzi wachache, baridi. Nimefungua duka, nimekunja upya vitambaa vya kanzu. Kabla ya adhuhuri mwanangu Nassoro akafika kutoka Kibondo, pamoja na mkewe Mwajuma na mtoto wao. Nyuma ya pikapu yake, juu ya tela, boti.

Boti nyeupe ya faiba. Aliinunua kwenye mradi uliofungwa; ilikaa uani mpaka majani yakaota ndani yake. Anaipeleka Kigoma, ibebe abiria wa vijiji vya mwambao wa ziwa. Mpango mzuri. Sina neno juu ya hilo.

Mtaa mzima ulitoka kutazama. Jirani yangu Bi Anastazia alinisalimu kwa Kiha, "Mwakeye, Mwalimu," kisha akauliza kama ziwa limehamia Kasulu bila serikali kutangaza. Nilicheka.

Nilimuuliza Nassoro safari ilikuwaje. Akasema tela lilicheza kidogo karibu na Rungwe Mpya. "Linacheza tu, Baba. Kawaida." Mwajuma alikuwa akimfunga mtoto mgongoni. Aliinamisha uso.

Kucheza. Neno la watoto. Sikulipenda.

Alhamisi, 10 Julai

Nimelikagua tela. Marehemu baba yangu aliendesha trekta la kubebea tumbaku, nami nilikulia juu ya mizigo yake. Mambo haya si mageni kwangu.

Tela hili lilitengenezwa kubebea tangi la maji. Ekseli yake iko katikati. Boti imekaa nyuma mno, na injini yake nzito inaning'inia mwisho kabisa. Niliushika mkono wa tela mahali unapoungana na gari, nikauinua. Ukainuka. Mzee wa umri wangu hakupaswa kuuweza. Uzito ulipaswa kuliegemea gari, huu unalinyanyua. Tela la namna hiyo likishika mteremko huyumba, na gari likizidi mwendo ndivyo linavyozidi kuyumba, mpaka liligeuze gari lenyewe.

Hakuna mnyororo wa kulishika iwapo kiungo kitachomoka. Taa za nyuma hazipo. Boti imefungwa kwa kamba ya katani.

Nilimwambia Nassoro yote hayo baada ya alasiri, kwa upole. Akanijibu kwa heshima kwamba Mungu yupo. Yupo, ni mimi niliyemfundisha. Nimeudhika kulisikia jina Lake likiwekwa mahali pa mnyororo.

Ijumaa, 11 Julai

Baada ya sala ya Ijumaa habari ilikuwa imeenea: boti inakwenda Kigoma tupu. Hapa kwetu hakuna kitu kinachoshuka Kigoma kitupu. Hata gari lililoleta maiti haliondoki bila mikungu ya ndizi. Wakaja. Magunia ya maharage kutoka Muyama. Ndizi. Kitanda cha bibi harusi. Mbuzi mmoja, ambaye ndiye pekee aliyekataliwa. Vyote vikapakiwa nyuma ya boti, kwa kuwa nyuma ni pana na ni rahisi kufikia. Mama Nassoro naye akaleta debe la karanga za dada yake.

Nikasema vishushwe. "Baba, nitawaambia nini?" akasema Nassoro. "Hawa ndio walionibeba nikiwa mtoto." Kisha akatabasamu. "Keshokutwa asubuhi utatusomea dua, tutafika."

Ni desturi ya nyumba yetu. Gari la jamaa haliondoki kabla sijasimama mbele yake na kuinua mikono. Leo nimeona ilivyogeuka. Nikishasoma, hakuna anayeinama tena kutazama matairi.

Nikamwambia sitasoma.

Alikwenda kukaza kamba.

Jumamosi, 12 Julai

Siku mbaya.

Bwana Sefu, muuza nyama, alinitania mbele ya watu tukitoka msikitini. "Mwalimu, siku hizi hata dua inakagua matairi? Basi tukupe na sare ya trafiki!" Wakacheka. Mwingine, nyuma yangu, akasema nina kijicho na mali ya mwanangu. Hilo liliniingia.

Mama Nassoro hanisemeshi ila kunijulisha chakula kiko mezani. Anaona nimemlaani mtoto wake. Sikumlaani. Lakini baba anayemnyima mwanawe dua amefanya nini? Nimefungua vitabu vyangu. Wanachuoni wameandika mengi juu ya msafiri. Juu ya hili hawakuandika, au mimi sikuliona. Je, ninamlinda mtoto, ama ninalilinda neno langu? Sijui. Nimeliandika hilo kwa wino: sijui.

Sefu ameahidi kuwasomea yeye. Wanaondoka kesho. Mwajuma na mtoto watakaa mbele pamoja na Nassoro. Chini ya mji kuna mteremko, na kabla ya Kigoma iko mingine. Naogopa.

Jumapili, 13 Julai

Walikusanyika mapema. Sefu akasoma, kwa sauti nzuri, watu wakaitikia amina. Nilisimama mlangoni mwa duka. Niliitikia nami, midomo imefumbwa. Sikuweza kujizuia. Nassoro akawasha gari.

Mwajuma hakupanda.

Mkamwana wangu huyu, tangu aolewe, hajapata kunisemesha bila mimi kumwanza. Ndivyo alivyolelewa kwao Kumsenga. Alivuka barabara, mtoto mgongoni, akaketi kizingitini mwa duka langu na kuweka kifurushi chake chini. Nassoro akamwita. Akajibu akiwa ametazama ardhi, na watu wote wakasikia.

"Mimi sipandi bila dua ya Baba."

"Dua si imesomwa sasa hivi?"

"Ya Baba."

"Haya, mwanangu!" Bi Anastazia akamwambia Nassoro. "Zima hilo gari, unamaliza mafuta." Sefu alitazama viatu vyake.

Nassoro akazima. Mke akishaketi kizingitini mwa baba mkwe, mume hawezi kumshika mkono akamvuta mbele za watu. Kila mtu hapa anajua hivyo. Mwajuma alijua kuliko wote.

Baadaye alimwambia Mama Nassoro, naye akaja kuniambia. Maneno yake ya kwanza kwangu tangu Ijumaa, ukiacha yale ya chakula. Pale Rungwe Mpya tela lilivuka mpaka upande wa pili wa barabara, lori likija mbele yao. Nassoro alimkataza kusema. Kama angekataa kwa jina lake, angeitwa mke mwoga, au mkaidi. Kwa dua yangu alipata pa kusimama.

Nilidhani naizuia kwa ajili ya mwanangu. Aliyekuwa akiihitaji alikuwa mwingine, akipita mbele yangu na mtoto mgongoni, nami sikumuuliza hata neno moja.

Nina aibu.

Jumanne, 15 Julai

Mizigo yote imeshushwa. Iko barazani kwangu. Wenyewe wanaifuata wamenuna. Karanga zimerudi jikoni.

Fundi wa kuchomelea amesogeza mbele nguzo ya kuzuilia boti, na boti imekaribia gari. Injini imefunguliwa, imelazwa ndani ya pikapu. Minyororo miwili imepishanishwa chini ya mkono wa tela, ili kiungo kikichomoka mkono uangukie minyororo, usichimbe lami. Mikanda imara badala ya katani. Taa zinawaka. Nassoro amelijaribu mpaka nje ya mji na kurudi, Mwajuma akiwa pembeni yake. Tela limetulia.

Nassoro hajaniambia kitu. Alifanya kila nilichokitaka, na kila alichokifanya alikifanya amenipa mgongo.

Jumatano, 16 Julai

Nimesoma. Sauti ilinikatika katikati. Bi Anastazia, ambaye ni Mkristo, akaitikia amina kabla ya wakati wake, na watu wakapata cha kuchekea. Nassoro aliupokea mkono wangu, akauachia upesi. Mwajuma alipiga goti, akapanda.

Nilibaki barabarani mpaka vumbi likatua.

Alhamisi, 17 Julai

Walifika jana alasiri. Nassoro alimpigia mama yake. Nilikuwa dukani, nikasikia upande wa pili wa pazia: mteremko wote salama, mtoto alilala njia nzima, boti imeshushwa majini. Hakuomba kusema nami. Mama Nassoro alifunua pazia akasema, "Wamefika." Nikasema alhamdulillahi. Kisha akaniletea chai.

Nimeswali rakaa mbili. Wateja wachache. Sefu amepita upande wa pili wa barabara.

Mwanangu yu hai na amenikasirikia. Niliomba la kwanza. La pili nitalivumilia.

Ewe utakayefungua kurasa hizi nikiwa nimekwisha kuzikwa: Mwenyezi Mungu akufikishe salama kila uendako, aifunike nyumba yako kwa rehema, na awape waliomo ndani yake ulimi wa kusema wanapoogopa, na sikio la kuwasikia. Amina.