Panya wa Ghala Hawakuwa Wako

Mdogo wangu Dafroza,

Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alitufundisha kwamba barua huanza kwa kuulizana afya. Haya, nimeuliza. Mimi ni mzima, ila magoti, na meno yaliyobaki ni ya kuonyesha wageni tu. Tuache hayo. Nina habari ya panya, na nimekaa nayo muda mrefu kuliko inavyostahili.

Unakumbuka likizo ile uliyokuja, mwaka wa vijiji vya ujamaa, tulipohamishwa kutoka bondeni tukapangwa kando ya barabara ya Chala, nyumba zimenyooka kama wanafunzi kwenye gwaride? Ulishuka kwenye lori na koti refu la ng'ambo, nikakwambia umevaa blanketi lenye vifungo. Mama alilia. Mimi nilikagua mizigo. Kesho yake, jikoni, nikakuuliza, "Hebu tuambie, huko unafanya nini hasa? Maana sisi tunasema tu maabara, maabara, kama watu wanaoijua."

Ukamnyang'anya Mama ungo wa maharage.

"Kaka, mwili wako umejengwa kwa vyumba vidogo mno, seli. Huvioni bila hadubini. Ndani ya kila kimoja kuna nyuzi arobaini na sita, ndizo kromosomu, na kwenye nyuzi hizo ndipo yalipo maagizo yote. Damu yako, rangi ya macho, hata hayo masikio yako."

"Masikio yangu yana nini?"

"Agizo lake liliandikwa kwa herufi kubwa."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka, lakini nilisogea karibu.

Ukaendelea kwamba shida ni kujua agizo lipi linakaa kwenye uzi upi. Kwa hiyo mnachukua seli ya mtu na seli ya panya, mnaziunganisha zinakuwa seli moja. Mama akaacha kupembua.

"Panya huyu huyu?"

"Wa kufugwa, Mama. Msafi kuliko Kaka."

Ukatumia maharage mekundu kuwa nyuzi za mtu na meupe kuwa za panya, ukayachanganya kwenye bakuli tatu. Ukasema seli hiyo ya mchanganyiko inaishi kwenye kisahani, inazaliana, lakini kila ikizaliana inadondosha nyuzi za mtu. Leo mmoja, kesho mwingine, na kila kisahani kinadondosha kivyake. Ukawa unatoa mekundu, huku mawili, kule matano. Mwisho mnakagua kila kisahani: uzi gani wa mtu umebaki, na kazi gani ya mtu bado inafanyika. Kazi ikiwepo kila uzi fulani unapokuwepo, na ikikosekana kila unapokosekana, basi mmeshajua inakaa wapi.

"Na kwa nini zidondoke za mtu, za panya zibaki?" nikauliza.

"Hatujui, Kaka."

Jibu hilo lilinifurahisha mno. Nimeishia darasa la tatu, sikuwa nimewahi kumsikia msomi akikiri hivyo, tena msomi mwenyewe ni wewe niliyekubeba mgongoni.

Ningeishia hapo, leo tungekuwa watu.

Wiki iliyofuata ukaja mkutano wa kijiji. Mahindi na maharage ya shamba la pamoja yote yalikuwa ghala moja, na panya walikuwa wameingia. Magunia yalitobolewa, nafaka inamwagika kama mchanga. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Unanijua. Nikasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, muulizeni mdogo wangu. Kule ng'ambo kazi yake ni kuwaoza watu na panya. Labda hawa ni mashemeji, wamekuja kutusalimia."

Kicheko kile! Mpaka mgambo aliweka rungu chini. Nilirudi kukaa nikijiona mwanamume hasa.

Siku ya tatu hapakuwa na anayecheka. Unajua sifa yetu ya uchawi ilivyo. Mtu akitaja Sumbawanga tu ndani ya basi, jirani yake anasogea pembeni. Sasa fikiria watu hao hao wenye sifa hiyo wameanza kumwogopa mtu mmoja wao, kwamba panya wale ni mifugo yake. Mama Sabina wa nyumba ya pili alirudisha bakuli la maharage uliyompikia, limejaa kama lilivyokwenda, kifuniko hakikuguswa. Ukipita njiani, watoto wanaitwa ndani. Mama aliniangalia akasema, "Umemuuza mdogo wako kwa kicheko." Nikamjibu ni mzaha tu, utapita.

Wewe ndiye uliyepita. Uliondoka likizo haijaisha. Nilikusindikiza mpaka mjini, upepo wa mwezi wa saba unakata masikio haya ya herufi kubwa, nawe ulipokuwa juu ya lori ukaniinamia.

"Ulielewa vizuri, Kaka. Ndiyo maana inaniuma."

Mama alipofariki ukaandika, "Nikija, watasema safari hii nimeleta nini?" Tukamzika bila wewe.

Sasa sikiliza. Ulipoondoka, panya walibaki. Hakuna aliyeuliza mbona mwenyewe kaenda na mifugo kaiacha. Mimi niliuliza, ila moyoni.

Wakati huo kijiji nacho kilikuwa kimeanza kudondosha watu. Nyumba moja inarudi bondeni kwenye mahame yake kimyakimya, wiki mbili baadaye nyingine. Mgambo wanawafuata, wanawarudisha, wakigeuka tu, wamekwenda tena. Kila aliyeondoka, kitu fulani kilisimama hapa, na hatukujua kwa nini. Pombe ya ulezi ikapoa kama uji. Kumbe mke wa Petro hayupo, na kimea chote kizuri kilitoka kwake. Aliporudishwa, tukaanza kuimba tena.

Nikashtuka. Nikasema, haya si ndiyo maharage ya Dafroza?

Nikachukua daftari la kisomo, nikachora mistari. Juu, majina ya wenye nyumba. Pembeni, mambo ya kijiji: pombe, mipini ya majembe, panya. Kila mwezi natia alama nani yupo, nani hayupo, nini kinaendelea, nini kimesimama. Mwenyekiti aliponikuta alidhani nimekuwa mpelelezi, akaanza kunisalimia kwa heshima.

Alama zikamwangukia mzee Kasiano, yule fundi wa mipini. Alitoroka wiki ile ile uliyofika wewe. Mipini ikakosekana, panya wakajaa. Mgambo wakamrudisha na vyombo vyake, na gunia moja linalolia nyau: paka wanne! Baada ya mwezi, majembe yana mipini na ghala limetulia. Wakati wa palizi akatoroka tena. Mipini hakuna, panya hao. Akarudishwa mara nyingine, yakarudi yale yale. Mipini na paka, nyumba moja, vinakwenda pamoja, vinarudi pamoja. Kwenye kuhama tulihesabiwa watu, mbuzi mpaka kuku. Paka hakuna aliyewahesabu.

Nikakutilia na wewe mstari wako. Dafroza yupo, panya wapo. Dafroza hayupo, panya wapo. Dafroza hayupo, panya hawapo. Hukuhusika kwa lolote, mdogo wangu, na ushahidi nilikuwa nao kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kalamu ya risasi.

Unadhani nilikwenda kutangaza? Nililaza daftari chini ya godoro. Kulifungua kungekuwa kusema nani alianza, na mimi napenda watu wacheke nami, si wanikodolee macho. Nikalilalia miaka.

Jumapili iliyopita, baada ya Misa, wakati wa matangazo, nikaomba nafasi. Watu wakakaa vizuri, wengine wameshaanza kutabasamu. Nikawaeleza yote: ungo, bakuli tatu, Kasiano na paka wake, na mashemeji niliowabuni mimi. Nikafungua daftari. Hakuna aliyecheka. Mama Sabina, mzee sasa, anatembelea fimbo, akaniuliza kutoka benchi la mbele:

"Mbona hukusema ni mzaha, yule binti angali hapa?"

Nilifunga daftari, Dafroza, nikatoka.

Nje akanifuata. Akasema nikuandikie kwamba ukija, usifikie kwetu, ufikie kwake. Yeye atapika, wewe utapakua, na ataanza kula yeye mbele ya watu.

Kwa hiyo njoo. Wanauliza mambo nisiyoyaweza: kwamba uzi wa mtu ukishadondoka unakwenda wapi, na kama ile ya nyuzi zetu kushindwa kukaa mmeshajua sababu. Nikianza kuwajibu, nawaona wanatafuta pale pa kuchekea. Safari hii sitaki wacheke.

Kaka yako, mwenye masikio.