Aliyenipokonya Dele la Kahawa

Ghubra, Maskati
Jumatatu, baada ya alasiri

Mamaangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Kabla ya habari zangu naanza na magoti yako: yameacha kuuma, au bado unapanda ngazi kwa kushika ukuta na ukiulizwa unasema hujambo? Na kifua cha baba je? Na Nassor, mnasema sauti imekuwa nzito. Mimi siamini, nilimuacha mdogo kabisa, kaptura inamvuka, analia nisiondoke. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, joto tu limeanza, hata bomba la maji baridi linatoa ya moto.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako inapokelewa na kila anayepita sebuleni, na yangu Shangazi Zuwena anajua kuifungua. Anayekuletea barua ni Bibi Zamzam, jirani yetu, anakuja Unguja kumtazama nduguye. Bahasha nimeibandika utepe mara mbili. Ikikufikia imefunguka, ujue si safari, ni yeye Bibi Zamzam.

Usinicheke. Unanijua, sisemi, lakini naangalia. Na wiki hizi niliangalia sana.

Ilianza na Thuraya wa Shangazi. Nilipoletwa huku kwa Shangazi alikuwa ndo kwanza anatambaa, na nilikuja kwa hilo hasa: nisome, na nisaidie kumlea. Nimemlisha, nimemsuka, nimemfundisha Alhamdu. Basi siku moja nikenda kumsuka, akanambia, "Dada Shadya, mimi nshajisuka," kisha akafunga mlango kwa ndani. Nikabaki nje na kitana mkononi. Viatu vyangu vya skuli vya mwaka jana sasa anavivaa yeye. Miaka kumi na saba mimi, mama, lakini siku ile nilijiona kizee.

Nikaanza kujiuliza: kama nililetwa kwa sababu ya mtoto, na mtoto hayupo tena, mimi nafanya nini nyumba hii? Si watanirejesha, na mwaka wa mwisho wa skuli bado sijausoma?

Na dalili zikaja. Shangazi alikuwa anazungumza nawe kwenye simu, sauti chini kabisa. Nilipoingia akapaza: "Ee wifi, na mvua je huko?" Mvua gani, mama? Muda wote ule mlikuwa mnazungumza mvua? Kesho yake akaniita chumbani kwake, akanivika buibui lake, akanitazama mabegani, akanyamaza, akalikunja. Nikajua hilo ndilo la kusafiria.

Sasa nikwambie ya Ijumaa. Huku mgeni anakaribishwa kwa tende, halua na kahawa, na wa kumimina ni mdogo wa wote. Dele la kahawa mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, na hakai mpaka kila mtu atikise finjani yake kuonesha ametosheka. Kazi hiyo ilikuwa yangu tangu nilipokuwa na umri wa kuweza kulibeba dele. Nnaipenda, kwa sababu anayemimina haulizwi kitu. Wageni wanaona mkono tu.

Ijumaa akaja Bibi Zamzam na wanawake wawili nisiowajua. Nikenda jikoni kuchukua dele, silioni. Nachungulia sebuleni, analo Thuraya!

"Weye njoo ukae hapa," Shangazi akanambia, akapigapiga zulia ubavuni kwake.

Nikakaa. Nikasema kumbe si kurejeshwa, ni kuozwa. Hawa wamekuja kunitazama. Bibi Zamzam akanikagua toka kichwani mpaka vidole vya miguu.

"Ndo huyu aliyekuwa akijificha nyuma ya mlango? Mashaallah, kawa mtu!"

Kawa mtu! Kwani zamani nilikuwa nini?

Thuraya akaja, ulimi nje kwa bidii, akanijazia finjani mpaka mdomoni. Na huku, mama, finjani hutiwa kidogo tu. Ukimjazia mgeni ni kama kumwambia anywe ende zake. Nikasema haya, hata mtoto kashaambiwa. Nikainywa yote, ikaniunguza. Akajaza tena. Nikanywa. Akajaza tena. Nilikuwa nimeshughulika kumchunguza Shangazi usoni, hata kutikisa finjani nikasahau, mimi niliyewangoja wenzangu watikise miaka yote hiyo.

"Dada, tikisa basi!" Thuraya akapiga kelele. "Mkono unaniuma! Au unataka ulimalize lote?"

"Na weye punguza," Bibi Zamzam akamwambia. "Umjazie hivo, unamfukuza dadaako?"

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na tende. Mimi nikalia. Mbele ya watu, mama.

Walipoondoka Shangazi alinifuata jikoni, na mimi kwa kilio nikamtolea hofu zangu zote.

"Nani kakwambia unaozwa?"

"Hakuna."

"Nani kakwambia unarejeshwa?"

"Hakuna."

"Basi yote hayo umeyapata kichwani mwako peke yako? Na hesabu unashindwa!" Kisha akapoa. "Wale wawili ni wageni wa Bibi Zamzam, wamekuja kunywa kahawa tu. Thuraya keshakuwa wa kumimina, Shadya. Ulitaka usimame na dele mpaka uote mvi? Buibui langu limekutosha sawasawa, ndo maana nikanyamaza. Nilidhani bado utaliburura."

Nikamuuliza ya mvua. Akalisuuza dele, akalipindua likauke. Halafu akanambia kwamba wewe ndiye unayetaka nirudi. Yeye anakuomba uniache nimalize skuli, na wewe ukamjibu: "Wifi, nilikupa mtoto. Sasa unanambia unabaki na mtu mzima?"

Kumbe siku zote nilikuwa namchunguza asiyekuwa na kosa, na wa kumshuku ni wewe. Nimekukasirikia siku mbili, nakwambia kweli. Leo nikaukumbuka ule mlango wa Thuraya, na mimi nje na kitana. Mimi nimefungiwa mlango mmoja tu nikajiona kizee. Wewe mlango wangu hukuwahi hata kusimama nje yake.

Nakuomba kwa maandishi, maana kwa mdomo ntashindwa: niache nimalize, umebaki mwaka mmoja. Likizo ya kiangazi naja, Shangazi kesharidhia. Ukikataa ntarudi, na sitanuna. Lakini usinifiche tena kwa mvua.

Nisalimie baba. Nisalimie bibi, mzaa baba, mwambie buibui la mwanawe linanienea. Na mjomba mwenye duka, nduguyo, anayesema mimi bubu, mwonyeshe urefu wa barua hii. Nassor mwambie sauti nzito haimfanyi kaka, mimi bado mkubwa wake.

Nikija, kahawa ntamimina mimi, Nassor asiguse birika. Wewe kaa unyooshe magoti yako, na finjani usiitikise upesi.

Ni mimi, mwanao bado,
Shadya