Bia ya Asilimia Kumi

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo, na kazi inakwendaje huko? Sisi wazima. Mama yako Mdogo anakusalimu. Mgongo wake umetulia, ila mdomo haujatulia na wala sitarajii.

Boksi la vifaa vya kutengenezea bia lilifika salama. Nilipolifungua nilisema mtoto huyu amenikumbuka. Nimeshawatangazia madereva wenzangu wote wa shule kwamba Desemba, siku ninayostaafu, hakuna atakayekunywa bia ya dukani. Watakunywa yangu, na wataondoka wameshikana mabega. Kwa hiyo heshima yangu sasa imo ndani ya ndoo chini ya ngazi, na ndoo imenyamaza kimya.

Nimefanya kila kitu. Nimemimina lile kopo la shira ya shayiri, nimetia maji, nimetia hamira, nimefunga mfuniko, nimejaza maji kile kibomba cha juu. Ulisema kibomba kitaanza kutoa mapovu. Nakitazama wiki nzima na chenyewe kinanitazama. Hata hiyo hamira, ule unga mweupe laini, ilitoa povu kidogo nilipoimwaga halafu basi. Nadhani hilo duka lenu limeniletea iliyokufa.

Na wale wanaoandika maelekezo waambie karatasi si ghali kiasi hicho. Maandishi yao ni madogo kama mayai ya chawa. Ile simu ya kioo uliyonitumia nimempa Mama yako Mdogo, mwanga wake mbaya. Wewe niandikie barua, tuelewane.

Basi langu zima, watoto wazima. Miaka yote hii sijakwaruza hata taa.

Baba yako Mdogo


19 Machi

Shikamoo Baba Mdogo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na Mama Mdogo na mgongo wake. Mimi sijambo, ila kazi inanitoa roho. Unajua ninavyoshinda pale dukani, simu sikioni, nikisikiliza watu wazima walionunua vifaa hivi wakilalamika kwamba bia haichachuki, bia inanuka, bia haileweshi. Jioni narudi chumbani nivue viatu, nakuta na baba yangu mdogo naye yuko kwenye foleni.

Hamira si nyeupe na wala si unga. Ni punje ndogo za rangi ya mchanga. Ule unga mweupe ni dawa ya kuoshea ndoo, na juu ya pakiti pameandikwa hivyo kwa herufi nyekundu. Bia yako umeitia dawa, Baba Mdogo, na sitashangaa kama ndoo umeiosha kwa hamira. Mwaga yote, na tafadhali usionje.

Nimekuwekea kopo jingine na hamira nyingine, nayo nimeifunga kwa uzi ili usikosee. Safari hii tumia na kile kipimo cha kioo chenye namba. Kabla ya kutia hamira, kitie ndani ya bia mbichi uone kinaelea kwenye namba ngapi. Hamira ikishakula sukari kitazama, namba itapungua. Ukitoa namba ya mwisho kwenye ya mwanzo ndipo unajua nguvu ya bia. Usijaze chupa mpaka namba igande mahali pamoja kwa siku tatu hivi. Ukijaza mapema, sukari iliyobaki itaendelea kuchachuka ndani ya chupa mpaka ipasuke.

Na sentensi zako siku hizi zinapanda juu kama zinaparamia ukuta. Unaandika huku unaendesha?

Mwanao


23 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tunaendelea vizuri, tunashukuru. Kweli ndoo niliiosha kwa hamira, na nilishangaa kwa nini jikoni kulinuka mkate. Tusizungumzie tena jambo hilo. Mama yako Mdogo amelizungumzia vya kutosha kwa niaba yetu sote.

Sasa kaa kitako usikie. Ndoo ya pili ilichachuka usiku ule ule. Kibomba kilikuwa kinadunda mpaka tukafunga mlango. Nimepima mwenyewe kama ulivyoagiza: mwanzo namba tisini, mwisho kumi. Fundi redio jirani yetu akanipigia hesabu, akasema hiyo ni asilimia kumi na ushee. Asilimia kumi! Bia ya dukani haifiki nusu yake. Nimeshawaambia madereva wanywe kidogo siku hiyo, kwa usalama wao. Chupa zote zimejaa, nimezipanga stoo.

Kazini ni maudhi tu. Mlinzi wa shule amesogeza nguzo ya geti bila kumwambia mtu, nikaikwangua kwa ubavu wa basi. Anaapa kwamba nguzo iko palepale tangu ijengwe. Nimemwambia nguzo haiwezi kunifuata mimi.

Jua la asubuhi mwaka huu nalo kali mno. Linanichoma usoni njia nzima.

Baba yako Mdogo mwenye asilimia kumi


6 Mei

Shikamoo Baba Mdogo,

Natumaini wote hamjambo. Samahani, leo sina salamu ndefu, maana barua hii inashindana na chupa zako.

Tisini haiwezekani. Kopo lile halina sukari ya kufikisha hata hamsini, hata ungelilamba mpaka chini. Mimi kazi yangu ni hii, kila siku nasikia namba, na hiyo sijaisikia. Na kama ya mwanzo umekosea, sina imani na ya mwisho. Yawezekana umejaza chupa wakati hamira bado inakula. Zifungue zote leo, polepole, ukizifunika kitambaa kinene, na vaa miwani yoyote ile. Usimwache Mama Mdogo aingie stoo peke yake.

Halafu mwombe yeye asome kile kipimo. Asome yeye, si wewe. Nakusihi.

Mwanao


30 Mei

Mwanangu,

Tu wazima, lakini si kwa sababu yako. Barua yako ilifika chupa zikiwa zimeshalipuka. Ilianza moja, zikafuata nyingine kama zimeambiana. Kipande cha chupa kimechoma mlango wa stoo na bado kimo. Mama yako Mdogo alikuwa ametoka humo punde tu, akichukua ndoo ya kufulia. Alikaa kwenye kiti cha jikoni na ndoo mapajani mpaka mchana, nguo hazikufuliwa.

Kitu gani hiki ulichonitumia? Mimi nilisoma kumi. Iliyobaki, ambayo niliiweka kwenye jokofu siku ileile ya kujaza chupa, Mama yako Mdogo akaisoma, akasema thelathini. Nikamwambia kumi, akasema thelathini, tukakaa pale kama waamuzi wawili kwenye goli moja. Akamwita fundi redio, naye akasema thelathini. Nadhani anamwogopa.

Na kama hayo hayatoshi, wiki iliyopita kioo cha pembeni cha basi kimevunjwa na mwenye pikipiki aliyezuka kutoka hewani. Watoto walimwona, eti, wote walipiga kelele. Mimi nilikuwa natazama mbele kama dereva anavyopaswa kutazama. Hakuumia. Mwalimu mkuu ameniuliza kama nimechoka, nikamjibu nimechoshwa.

Vifaa vyako njoo uvichukue.

Baba yako Mdogo


11 Juni

Shikamoo Baba Mdogo,

Namshukuru Mungu kwamba Mama Mdogo hakuumia. Mpe pole, mwambie nimelia. Ni kweli.

Sasa nisikilize, na uniwie radhi, maana nitasema kama mtu mzima mwenzako. Kazini tuna utaratibu. Mteja akipiga simu mara moja, tunachunguza kifaa. Akipiga mara tatu na kila mara kosa ni jipya, tunaacha kuuliza habari za bia, tunauliza habari zake yeye. Jumapili nilizitandaza barua zako kitandani nikakufanya mteja. Hukuona herufi nyekundu kwenye pakiti. Arobaini na kitu umeisoma tisini. Thelathini umeisoma kumi. Simu ina mwanga mbaya, maelekezo yana mayai ya chawa, jua kali, nguzo imehama, pikipiki imezuka hewani. Kila kitu duniani kina kasoro isipokuwa macho yako.

Huoni, Baba Mdogo. Na kila asubuhi unabeba watoto arobaini.

Nimekasirika. Nimekasirika kwamba nimepoteza miezi nikikufundisha habari za hamira. Wewe ndiye uliyenipeleka shule kwa basi hilohilo, ukanisubiri nilipochelewa, na baba alipofariki ukaninunulia sare kabla sijaomba. Ndiyo maana nakuambia mimi, asije akakuambia mzazi aliyefiwa.

Acha basi kesho. Nenda kliniki ya macho. Najua imebaki nusu mwaka tu ustaafu kwa heshima zako, na najua jambo hili linakuuma. Nisipopata jibu kwamba umeacha, nitamwandikia mwalimu mkuu.

Mwanao


2 Julai

Kwako,

Mama yako Mdogo amenisomea barua yako, kwa kuwa taa ya sebuleni imeungua.

Mimi nimeshika usukani kabla hujazaliwa. Barabara ile naijua kwa matako, kila shimo. Sihitaji kusoma namba za kioo ili nifike shule. Mtoto niliyemfuta kamasi hatanifundisha kazi, na hatanitisha kwa barua. Mwandikie umtakaye. Kwangu usiandike tena.

Baba yako Mdogo


20 Julai

Shikamoo Baba Mdogo,

Najua hutaitikia.

Barua ya mwalimu mkuu nimeipeleka posta leo. Nilikaa nayo kwenye mkoba muda, kila siku nikijiambia labda yako itafika kwanza. Nimemwandikia kwamba ni dereva mwema kuliko wote, na kwamba asikuruhusu kuendesha. Sikujua namna ya kuyaweka hayo mawili kwenye sentensi moja, ila nimeyaweka.

Nichukie ukiwa hai na watoto wakiwa hai. Mama Mdogo nimemtumia ujumbe kwenye simu yake, hajajibu. Naona mmeungana.

Mwanao, upende usipende


17 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Hali yangu nitakueleza. Mwandiko huu ni wa Mama yako Mdogo lakini maneno ni yangu, na nimemkataza kuongeza ya kwake.

Barua yako kwa mwalimu mkuu ilifika nikiwa nimesharudisha funguo. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine. Hukuninyang'anya basi. Nililiacha mwenyewe.

Nitakuambia jambo ambalo hata huyu anayeandika hakulijua, na sasa ameacha kuandika ananitazama. Andika. Pale njia panda ya shule kuna taa. Jua la asubuhi likiwa usoni mwangu, taa ile nilikuwa naiona kama doa jeupe tu. Basi tangu mwaka jana nilianzisha mchezo. Mtoto anayekaa kiti cha mbele ndiye anayenitajia rangi. Akisema nyekundu nasimama, akisema kijani naondoka, na wote wanashangilia. Waligombania kile kiti. Wazazi wakanisifu kwamba nawafundisha sheria za barabarani. Nikapokea sifa.

Siku moja ya Julai aliyekaa mbele alikuwa mcheshi wa darasa la pili. Akasema kijani. Nikaondoka. Lori la mchanga lilipita mbele ya pua ya basi, karibu mno, upepo wake ukatikisa vioo. Mtoto alikuwa anacheka. Alikuwa anatania tu, mwanangu, amezoea kutaniana na mimi. Wenzake nao walicheka kwa sababu yeye alicheka. Nilisogeza basi pembeni, nikavuta breki ya mkono, nikazima injini, nikampigia mwalimu mkuu nikamwambia atume dereva mwingine. Kisha nikawaimbisha watoto mpaka akafika. Sikumgombeza yule mtoto. Ningeanzia wapi?

Daktari amesema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba nimekawia kwa kiburi. Nadhani neno hilo la mwisho ameliongeza Mama yako Mdogo alipokuwa ananitafsiria uso wa daktari. Jicho moja wamenipasua, la pili zamu yake bado. Nimeona sura ya mke wangu vizuri, na nimeelezwa nisitoe maoni yoyote. Shule imeniaga mapema kwa chai na hotuba. Bia tumepika tena, kipimo amesoma yeye: arobaini na nne, kisha kumi na moja. Asilimia nne na kidogo, bia ya kawaida kabisa. Madereva walikunywa wakaniuliza nguvu niliyoitangaza iko wapi.

Nilikukasirikia sana. Bado kidogo nakukasirikia, hasa nikisikia dereva mpya anavyoingiza gia ya pili. Lakini usiku nalisikia lile lori, nakumbuka ulivyoandika kuhusu mzazi aliyefiwa, na hasira inakosa pa kukaa. Ulifanya sawa. Umenisikia? Sitarudia.

Jana nilikuwa natoka kliniki kwa miguu, jicho lililopasuliwa limeshafunguliwa bandeji. Nikafika pale njia panda nivuke. Basi lilikuwa limesimama upande wa pili likisubiri. Watoto wakaniona. Wakafungua madirisha yote, wakatoa vichwa, wakanipigia kelele kwa pamoja: "Kijani, babu! Kijani!"

Nilisimama palepale nikaitazama taa mwenyewe, kwanza.

Baba yako Mdogo